Pale Pasimwagiwe Maji

Nyumba nyingi hugombania kitu kinachoonekana: fedha, rimoti, chumvi ya mchuzi. Yetu iligombania, na kwa kiasi fulani bado inagombania, kipande cha ardhi kisicho na kitu juu yake. Kipo nyuma ya nyumba, hapa Morogoro, kati ya bomba la maji na ukuta wa jirani, kivulini mwa mwarobaini, na hakizidi ukubwa wa mkeka wa kuswalia. Kuanzia Juni mpaka vuli inyeshe, ukipaangalia utaona udongo mkavu, majani mawili matatu yaliyopukutika, na kigoda cha Mama.

Mama alihamia kwetu kutoka Kilosa baada ya baba kufariki. Katika mizigo yake mlikuwa na salfeti iliyofungwa kwa kamba ya katani, na ndani ya salfeti, chini ya mchele na kunde, tunguu moja lililozungushiwa kipande cha khanga iliyochakaa. Alilichimba pembeni mwa shamba lake, kule miombo inakoanzia. Mke wangu alilipokea kwa heshima zote, akalipeleka jikoni, akalitia kwenye kapu la vitunguu. Mama akaenda, akalitoa, akarudi nalo barazani bila kusema neno. Nadhani vita vilianzia hapo, ingawa wenyewe wote wawili wanakana.

Alilipanda siku hiyo hiyo. Hakulizika sana. Shingo ya tunguu aliiacha usawa wa udongo, akatia mchanga kidogo chini ili maji yasituame, akafukia, akaketi. "Mvua ikija mtaona," alisema.

Mvua ilikuja Novemba, nasi tukaona. Kikonyo kinene chenye madoadoa ya zambarau kilitoboa ardhi kikiwa peke yake, bila jani hata moja, kimebeba kifuko kilichofumba juu. Kifuko kilipofunguka yakatoka maua madogo mengi, mekundu ya kukera macho, kila moja na stameni zake ndefu zilizoishia kwa chavua ya njano, yote yakielekea nje pande zote mpaka yakafanya duara kamili. Tunguu lililokomaa vizuri linaweza kubeba maua madogo hadi 200 juu ya kikonyo kimoja, na duara lake likazidi sentimita 15. Ni ua la mara moja kwa mwaka, na halidumu sana. Likijitahidi ni wiki moja au mbili. Wakulima wa Kilosa wanalijua kwa sababu huwatokea shambani wakiwa wameinama na jembe mwanzoni mwa msimu. Mjini watu hawalijui. Majirani walikuja kulitazama kwa visingizio vya kuazima kiberiti. Mke wangu, ambaye mpaka juzi yake alikuwa akiliita "kile kitunguu cha Mama", alilipiga picha akaiweka kwenye stetasi ya WhatsApp na maneno haya: "Bustani yangu." Mama hana simu ya aina hiyo, lakini ana wajukuu.

Mpwa wangu anasoma kilimo Chuo Kikuu cha Sokoine, na Jumapili hula kwetu. Yeye ndiye aliyetuletea jina la kitabuni, Scadoxus multiflorus, na historia yake ndefu kuliko wali uliokuwa mezani. Kwamba Mwingereza Thomas Martyn alilieleza mwaka 1795 akalitia katika kundi la Haemanthus. Kwamba Rafinesque alilihamisha mwaka 1838. Kwamba wataalamu wengi waliupuuza uhamisho huo hadi mwaka 1976, Friis na Nordal walipothibitisha kuwa yalikuwa makundi mawili tofauti kweli. Haemanthus ni mimea ya kusini mwa Afrika, majani yake ni manene na hayana mshipa wa katikati, na ina kromosomu 16. Hili letu lina kromosomu 18, majani yasiyo manene na yenye mshipa, nalo limeenea kutoka Senegali hadi Somalia, likashuka mpaka Afrika Kusini, likavuka bahari hadi Yemen.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. "Walibishana karibu miaka mia mbili," alisema, "na hakuna hata mmoja aliyeuliza linataka maji lini."

Ndilo swali lililokuja kutuvuruga. Baada ya ua, majani yalitoka mapana, mabichi, yamejikunja chini na kufanya shina la uongo. Masika ikapita yakiwa yamenawiri. Mwishoni mwa Mei yakaanza kugeuka njano, na dada wa kazi, ambaye ni mtu safi, akayakata yote akayatupa. Mama alilalamika siku nzima. Wakati ule tulidhani ni uzee, lakini mpwa wangu alieleza kuwa bibi yake alikuwa na haki: majani hayo ndiyo yanayolisha tunguu. Kikonyo cha Novemba hutoka bila jani kwa sababu chakula chake kilishapikwa msimu uliotangulia, kikahifadhiwa chini. Ukikata majani mabichi unakata ua la mwaka ujao. Yaache yakauke yenyewe mpaka yaanguke.

Basi yakaisha, na pakabaki patupu.

Mke wangu si mtu wa kuona udongo mzuri umelala karibu na bomba bila kazi. Amekulia Mgeta, ambako mlima wenyewe unalimwa ngazi kwa ngazi, na mtu akiacha tuta tupu watu huuliza kama anaumwa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, alinikumbusha, na kwa hesabu yake tunguu lilikuwa limeshapita mbali ile siku ya tatu. Alitaka mchicha pale. Mchicha unataka maji asubuhi na jioni. Tunguu lililolala halitaki maji kabisa. Likilowa miezi ya kiangazi huoza polepole kwa chini, na wewe juu huna habari. Na hata bila mchicha palikuwa na maji ya vyombo. Kwa miaka yote tangu tujenge nyumba hii, maji ya kuoshea vyombo yalimwagwa pale pale, chini ya mwarobaini, kwa kuwa ndipo mkono unapofika.

Mama akatunga sheria: pale pasimwagiwe maji. Akapeleka kigoda chake, akawa anachambulia mchele hapo, anasukia ukili hapo, na baada ya Alasiri anasinzia hapo. Mke wangu alianza kusema jikoni, kwa sauti ya kufika nje, kwamba nyumba nyingine zina walinzi wa geti. Mama naye alijibu kupitia kuku. "Shhh, ondoka wewe! Hujui kuna watu wanatafuta mchicha?" Mimi nilijifunza kurudi kazini kwa kuchelewa.

Kisa cha jikoni kilitokea kiangazi hicho hicho. Mama alikwenda kwa jirani kumpa pole, na dada wa kazi akapewa marando ya matembele ayachomeke "pale nyuma". Hakuelezwa zaidi, nani alipaswa kumweleza ni mjadala mwingine. Alipochimba akakutana na tunguu, akaliona ni mali, akaliosha, akalileta jikoni. Wageni walikuwa njiani na mke wangu alikuwa akikata kachumbari. Alishika tunguu, akapitisha kisu shingoni, akasita. Kitunguu gani hakitoi machozi? Akanusa. Hakuna harufu. Utomvu ulikuwa unateleza vidoleni. Hapo Mama akaingia kwa mlango wa nyuma.

Sitaandika yaliyosemwa. Niseme tu kwamba mmea huu ni wa jamii moja na amarilisi, na una alkaloidi, likorini ikiwa mojawapo, ambayo hutapisha na kuharisha. Sehemu mbalimbali za Afrika watu wameutumia kutengenezea sumu ya mishale na ya kuvulia samaki, na mifugo imewahi kufa kwa kuula. Harufu inayoliza mpishi hutokana na salfa iliyomo ndani ya kitunguu halisi. Tunguu hili halina. Kwa hiyo mwenye tunguu la namna hii nyumbani asiliweke jikoni hata kwa muda, na watoto waambiwe. Mkono wa mke wangu ulisita kwa sababu amekata vitunguu maisha yake yote, na wageni wetu wanaishi leo kwa sababu hiyo.

Mama alilipaka jivu la mkaa pale lilipochanika, akaliacha kivulini mpaka kidonda kikauke, akalirudisha mahali pake. Marando ya matembele yaliishia ukutani kwa jirani. Na mjomba alipoleta mbuzi wa Idd akatafuta pa kumfunga, Mama alimwambia mbele ya watu: "Mfunge popote, mdogo wangu, ila pale akila tutachinja maiti." Mbuzi akafungwa kwenye nguzo ya baraza, akala mapazia.

Sasa nifike kwenye pevingi.

Binti yetu mkubwa alikuwa anaolewa, na sherehe ya kumuaga ingefanyika nyumbani. Mke wangu alisema hatakubali mama mkwe wa mwanawe azame na viatu vya kisigino kwenye tope. Hoja haikuwa na jibu. Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, anafanya kazi za pevingi, akasema atatufanyia kwa bei ya ndugu na sehemu ya fedha tulipe baadaye. Ilikuwa Septemba, uwanja mkavu, na Mama amekwenda Kilosa kwenye arobaini ya binamu yake. Mimi nilikuwa kazini.

Kuhusu yaliyotokea zipo simulizi tatu. Mke wangu anasema aliwaonyesha vijana kwa kidole, akawaambia pale wapaache. Shemeji anasema hakuna aliyemwambia chochote, na mchoro hauna shimo. Vijana wanasema waliambiwa wapaache palipo na kigoda, nao wakapaacha. Lakini kabla ya hapo walikuwa wamekihamishia kigoda chini ya mwembe ili mwenzao akikalie akinywa chai. Mpaka leo chini ya mwembe kuna kipande cha mraba kisicho na pevingi, kimekatwa kwa ustadi, na hakimfai mtu yeyote. Kwenye mwarobaini kulimwagwa mchanga, kukashindiliwa kwa mashine mpaka vioo vya madirisha vikalia, zikapangwa pevingi nyekundu na za kijivu. Sherehe ilifana. Meza kuu iliwekwa hapo hapo.

Mama alirudi baada ya shughuli zote kwisha. Alisimama mlango wa nyuma akatazama kutoka bomba hadi ukuta.

"Pamependeza," alisema.

Anayemjua Mama anajua kwamba hilo ni neno zito kuliko tusi. Kwa wiki kadhaa hakuzungumzia tunguu kabisa, akawa anakaa barazani na kumsifu shemeji kwa kazi nzuri, na mke wangu akaanza kukosa usingizi. Mvua ya kwanza ikanyesha usiku. Alfajiri tulisikia chuma kikigonga saruji. Mama alikuwa ameshapima kwa hatua zake kutoka bombani, kisha kwa shubiri kutoka ukutani, na sasa alikuwa anazing'oa pevingi kwa panga moja baada ya nyingine. Mke wangu alitoka na kitenge begani. Nilitegemea ugomvi. Akapiga magoti upande wa pili, akaanza kuondoa mchanga kwa mikono.

Lilikuwa hai. Mwenye kudhani maua ni vitu dhaifu angekuja kuona. Kikonyo kilikuwa kimetoka, kimekutana na saruji, kikajikunja na kutambaa kwa ubavu kati ya mchanga na pevingi kutafuta upenyo, cheupe chote kwa kukosa mwanga, na kifuko chake kimebanwa mwishoni. Chakula cha mwaka uliopita kilikuwa kinatumika gizani. Baada ya kufunuliwa lilichanua vivyo hivyo, limelala, upande mmoja maua waridi yaliyofifia na upande mwingine hakuna. Mama hakuruhusu lipigwe picha.

Wakakubaliana, wao wawili bila kumshirikisha mtu, kwamba lihamie kwenye chungu mpaka uwanja utulie. Mke wangu alitoa chungu chake cha kupikia maharage, kile kikubwa, akakitoboa kitako kwa msumari. Ni mchango ambao shemeji anadai haujawahi kutolewa kwa ajili yake.

Lakini matunguu ya jamii hii hayapendi kusumbuliwa mizizi. Mwaka uliofuata yalitoka majani matupu, ua hakuna. Mama alimlaumu shemeji, mke wangu akalaumu chungu, mpwa wangu akasema ni kawaida, tunguu lililohamishwa likiwa katikati ya kazi huweza kuruka msimu mzima likijenga mizizi upya. Kisha wakaja viwavi. Hawa ni weusi wenye madoa ya njano iliyopauka, huanza na ncha ya jani wakiwa wengi pamoja, wakateremka ndani yake wakila, na usipowawahi hufika kwenye tunguu lenyewe na kuliacha uji. Wataalamu huwaita Brithys crini. Mama aliwaita majina mengine. Alikuwa akiwaokota usiku, mke wangu akimmulikia kwa tochi ya simu, na kutoka chumbani niliwasikia wakizungumza mpaka saa tano: mara viwavi, mara bei ya mafuta ya kula, mara mimi. Hasa mimi. Ilibainika kuwa katika suala la pevingi wote wawili walikuwa wameanza kujiuliza nilikuwa kazini gani siku ya Jumamosi.

Mwaka wa tatu wa chungu likachanua tena, duara zima. Nikadhani mambo yamekwisha, tutarudisha pevingi mahali pake na kigoda barazani.

Hapo ndipo tulipogundua alichokuwa akifanya Mama tangu awali. Ule msimu wa kwanza, ua lilipokauka, lilifunga vitunda vyekundu vya mviringo. Alivichuma vyote, akaminya nyama ikatoka, akapata mbegu. Mbegu za mmea huu hazitaki kuhifadhiwa. Hupandwa zikiwa mbichi, na hazifukiwi, hubonyezwa tu juu ya udongo. Huchukua miaka mitatu na zaidi kabla ya kutoa ua, ndiyo maana watu wengi wa mjini hawana subira nazo. Mama anayo. Alizibonyeza kando ya ukuta mzima, kuzunguka shimo la choo, chini ya kamba ya nguo, na pande zote mbili za njia ya gari mpaka getini, akikisia kwamba mtu akimpokonya sehemu moja zitabaki nyingine. Nyingine aliwagawia majirani waliokuja kuazima kiberiti. Tulikuwa tukipita juu yake, dada wa kazi akiyafagia majani yake machanga kwa fagio la chelewa, na bado yalikuwa yanarudi kila vuli, kila mwaka na jani la ziada.

Mwaka jana matunguu hayo yalianza kuchanua, moja moja, pale pasipotarajiwa. Moja lilitokea kati ya pevingi mbili karibu na geti, likazisukuma kando kidogo. Shemeji aliitwa aje azitoe zile za njia ya gari zote, na alizitoa, akazipanga nyuma ya choo, ambako bado zipo kwa atakayezihitaji. Fedha zake za mwanzo tulimmalizia. Za kuzitoa anadai bado.

Mke wangu sasa ndiye mlinzi mkali kuliko Mama. Amehamisha mchicha kwenye viroba juu ya meza kuukuu, amechimba mfereji wa kupeleka maji ya vyombo kwenye migomba, na mtu akimwomba tunguu humpa pamoja na masharti: kivuli cha nusu siku, udongo usiotuamisha maji, shingo isifukiwe, majani yasikatwe, kiangazi maji hapana, jikoni lisiingie. Akimaliza humwuliza mtu huyo arudie.

Ukija kutusalimu kati ya Juni na Novemba, karibu sana, lakini egesha gari nje ya geti. Na maji ya kunawa mikono usiyamwage popote kabla hujauliza.